Bundi Asiyeogopa Watu

Kazi yangu ni ng'ombe. Ukisikia pikipiki inapita Ekerenyo kabla watu hawajapeleka maziwa, na nyuma yake pamefungwa mtungi wa mbegu, huenda ni mimi ninaenda kupandisha ng'ombe au kumdunga sindano ndama wa ndigana. Nina cheti cha afya ya mifugo na duka dogo la dawa. Watu huniita daktari, nami nimeacha kubisha. Bundi sikuwaomba. Huletwa kwangu kwa sababu hakuna mwingine hapa karibu mwenye glavu na sindano atakayefungua katoni bila kukemea mapepo.

Watu wa mjini wakisikia ninamtafutia bundi makao, huniuliza kuhusu msitu. Kwani Nyamira hakuna miti? Miti ipo. Umbali wa dakika tano kutoka dukani kwangu kuna mikaratusi, mabonde ya mito, mashamba ya chai na panya wa kutosha kulisha bundi wote wa kaunti. Bundi wa porini wanaishi humu humu na sisi, wengi kuliko watu wanavyodhani. Tatizo langu ni yule aliyelelewa jikoni. Huyo haogopi watu, na huku kwetu bundi asiyeogopa watu hadumu. Mbaya zaidi, anaweza kuangamia na mtu mwingine.

Nitaanza na wanakotoka. Miti mikubwa ya asili yenye mashimo imekwisha. Mkaratusi hukatwa ukiwa bado kijana, haupati nafasi ya kuzeeka na kutoboka. Kwa hiyo bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la moyo, amehamia kwetu. Hutaga juu ya dari ya kanisa, ya darasa kuukuu, ya stoo ya mahindi. Shule ikipata fedha za mabati mapya, fundi anapanda, anang'oa ubao, anakuta makinda wanne au watano wakimfokea kama nyoka. Hawalingani ukubwa, kwa sababu mama huanza kuatamia mara tu atagapo yai la kwanza, na mayai mengine hufuata kwa kupishana siku mbili tatu. Mkubwa ana manyoya tayari wakati mdogo hajafungua macho. Fundi akiona hivyo hushuka na kusema hao si ndege.

Wengine hufia pale pale chini ya ngazi. Wanaobaki huokolewa na watoto.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika, na hapo ndipo mtu wa nje hanielewi. Kinda akiletwa siku ile ile, kazi yangu ni nyepesi: natafuta pa kumrudisha wazazi wake wamsikie. Lakini wengi hawaletwi siku ile ile. Hufichwa. Mtoto anamweka kwenye debe nyuma ya jiko, mama yake anajifanya hajui, baba akisikia sauti usiku anaambiwa ni paka. Analetwa kwangu wiki nyingi baadaye, mkubwa, ameanza kuruka, na familia yote inataka aondoke kabla jua halijazama.

Bundi hazaliwi akijua kwamba yeye ni bundi. Anajifunza katika wiki zake za kwanza, macho yakishafunguka, kwa kumtazama anayemletea chakula. Akiletewa na bundi, ulimwengu wake unakuwa wa bundi. Akiletewa na msichana wa gredi ya sita mwenye sweta ya shule, basi kwake chakula ni watu, familia ni watu, na baadaye mwenzi wa kuzaa naye ni watu. Dirisha la kujifunza likishafungwa, halifunguki tena kwa kumpeleka porini. Nimeona wenye huruma wakibishana nami juu ya hili: "Daktari, silika itamrudia." Silika ya kuua panya humrudia, mara nyingi. Ya kuogopa mtu hairudi, kwa sababu hajawahi kuwa nayo.

Halafu kuna chakula. Bundi mzima humeza panya mzima, na mifupa, na manyoya, na utumbo. Saa kadhaa baadaye hutapika donge la manyoya na mifupa isiyosagika. Wasiojua hudhani anaumwa. Donge hilo ndilo ninalouliza kwanza: je, anatapika? Wakisema hapana, najua wamemlisha nyama tupu. Wenye huruma hununua matumbo au minofu ya bucha, wakiamini wamempa kilicho bora kuliko panya. Nyama tupu haina kalsiamu ya kujenga mifupa. Kinda anakua haraka, mwili unazidi uzito ambao miguu inaweza kubeba, na mifupa inapinda ikiwa bado laini. Wengine huongeza maziwa na ugali. Ndege hanyonyi, maziwa humharisha tu.

Kuna mmoja aliletwa ndani ya ndoo ya rangi, amenenepa, macho mang'avu, na mama aliyemleta alikuwa na fahari naye kweli kweli. Nilimtoa nikamweka mezani. Hakusimama. Alikaa juu ya magoti, miguu imeenda pembeni, na nilipolikunjua bawa la kushoto nilisikia mfupa ukilegea mkononi mahali ambapo haukupaswa kulegea. Ulikuwa umevunjika na kujiunga wenyewe, umepinda. Yule mama alikuwa amemlisha maini kila siku. Maini, kwa bei ya sasa. Sikuwa na neno la kumlaumu. Bundi kama huyo hana nyumba popote, na nilimwambia hivyo, na sindano niliyomdunga ilikuwa ya mwisho.

Manyoya nayo. Unyoya wa kwanza wa bawa la bundi una vijino laini ukingoni vinavyokata sauti ya upepo. Ndiyo sababu anakupita usiku usimsikie. Mweke kwenye tundu la kuku la waya, ajipigepige kwa wiki mbili, vijino hivyo vinaisha na ncha zinakatika. Unyoya uliokatika haukui. Hungoja hadi unyonyoke kwa zamu yake ndipo mwingine uote, na kwa manyoya makubwa ya bawa zamu hiyo yaweza kuchukua mwaka na zaidi. Kwa hiyo hata bundi mwenye akili timamu, anayeogopa watu vizuri, akiletwa na mabawa chakavu anahitaji mahali pa kukaa muda mrefu. Mahali hapo Ekerenyo hakuna.

Sababu nyingine ya kufichwa ni pesa. Kila baada ya muda uvumi hurudi kwamba kuna mnunuzi Nairobi, au mgeni, au "mzee mmoja" anayelipa fedha nyingi kwa bundi hai. Bei hupanda kila uvumi unaporudi. Kijana mmoja wa boda boda alikuja dukani baada ya kufunga, ana wawili ndani ya gunia, na simu ya dalali anayetaka picha na uzito. Alitaka niwapime kwenye mizani yangu ya dawa. Nilimwonyesha sheria ya wanyamapori ya 2013: mnyamapori si mali yako, kumweka bila kibali ni kosa, kumuuza ni kosa kubwa zaidi. Akasema wanunuzi wana vibali. Nikamwambia ampigie dalali amwombe nakala ya kibali. Dalali alikata simu na hakushika tena. Bundi wale walibaki kwangu, mmoja akiwa ameshakufa kwa joto la gunia.

Sasa nieleze kile kinachonifanya nisilale bundi akiwa kwangu.

Msichana mmoja alikuwa amemlea bundi mweupe tangu hajaota manyoya. Alimlisha panya ambao kaka yake aliwatega, kwa hiyo mifupa yake ilikuwa mizuri, mabawa mazuri, bundi mwenye afya. Alipoanza kuruka ndani ya nyumba, baba akaamua imetosha. Wakampeleka kwa pikipiki hadi kando ya mto, mbali na makazi, wakamwachia jioni. Alipaa vizuri. Walirudi nyumbani wamefurahi.

Bundi yule alikaa na njaa usiku mmoja, labda miwili. Kisha akafanya alichojua: akatafuta watu. Taa ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya jiko la mama mzee mjane, anayeishi peke yake pembeni ya shamba lenye mgogoro na wapwa wa marehemu mumewe. Bundi akatua juu ya mabati, akaanza kuomba chakula. Sauti ya kinda wa bundi mweupe anayeomba chakula ni ile ile ya kufoka, ndefu, bila kupumzika. Aliomba usiku kucha. Mama alipotoka kwenda chooni, bundi alishuka hadi kwenye kizingiti akamfuata. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu kijiji kizima kilikuwa kinajua.

Msomaji wa mbali anaweza kucheka. Sisi hatucheki. Mei 2008, watu 11 walichomwa hadi kufa katika vijiji vya Kisii kwa tuhuma za uchawi, 8 kati yao wanawake. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa na umati Nyagonyi, Marani, miili ikachomwa. Visa hivyo vilianza na uvumi. Uvumi ukipata bundi juu ya paa, unapata ushahidi. Na mwanamke mzee, mjane, mwenye kipande cha ardhi kinachotamaniwa, hahitaji ushahidi mwingi.

Mzee wa kijiji alinipigia simu kukiwa bado na mwanga. Nilikuta vijana wameshika mawe na rungu, na mama amejifungia ndani. Bundi alikuwa juu ya mabati, ametulia, anatugeuzia kichwa huku na huku. Umati haukumtisha hata kidogo. Nilipoinua panya aliyekufa kwa mkia, alishuka moja kwa moja hadi kwenye mkono wangu, mbele ya wote. Nilidhani watatulia. Nikasikia mtu nyuma akisema, "Umeona? Anajua wenyewe." Kwa dakika ile kutomwogopa mtu, jambo ambalo watu wa mjini huliita upole, kulikuwa kumenihukumu na mimi pia.

Mzee wa kijiji alikuwa na akili kuliko sisi wote. Alikuwa amesikia habari za msichana. Akamtuma mtu kwa pikipiki, msichana akaja na baba yake, bado na sweta ya shule. Mzee akasema, "Mwanangu, huyu ni ndege wako?" Akajibu ndiyo, ni wangu, nilimlea, jina lake ni hili. Akamwita, na bundi akatoka mkononi mwangu akaenda begani kwake. Mzee akawageukia vijana akawauliza kama kuna anayetaka kumchoma mtoto wa gredi ya sita. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Bundi alilazimika kuondoka kijijini usiku ule ule, maana sasa msichana ndiye angeanza kusemwa.

Kwa hiyo ninaposema natafuta nyumba inayofaa, nina maana ya nyumba ambayo majirani wake wote hawatamuua bundi wala kumuua mtu kwa sababu ya bundi. Hicho ndicho kigezo cha kwanza. Miti na panya huja baadaye.

Ofa hazikosekani. Hoteli moja ilitaka kumweka kwenye tundu la chuma kando ya maegesho, wageni wapige picha. Mchana kutwa jua na muziki, na ndege huyu hulala mchana. Klabu ya wanyamapori ya shule moja ilimtaka. Nikauliza nani atamlisha Agosti na Desemba, wakatazamana. Mtu mmoja alikuja kwa heshima nyingi, amevaa suti, akasema yeye ni mpenzi wa ndege tu. Nikamuuliza anapenda ndege gani wengine. Hakuweza kutaja hata mmoja. Nilimsindikiza hadi barabarani.

Ofa iliyonivutia zaidi ni ya mkulima mwenye stoo kubwa ya mahindi, aliyesoma kwamba bundi hula panya wengi kuliko paka. Ni kweli: bundi mweupe mzima anaweza kumaliza panya wadogo watatu au wanne kwa usiku. Mtu mzuri, shamba zuri, mke wake hana hofu. Nilipoingia stoo nikaona vibonge vya buluu kwenye pembe. Sumu ya panya nyingi inayouzwa siku hizi huzuia damu kuganda, na panya aliyeila hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa, mzito, mpumbavu, mchana kweupe. Ndiye panya rahisi kuliko wote kukamatwa. Bundi akila wa namna hiyo kwa wiki moja, anavuja damu ndani. Nilimwambia achague sumu au bundi. Aliahidi kuacha sumu. Lakini jirani zake watatu wanaitumia pia, na bundi hasomi mipaka ya mashamba. Kwa sababu hiyo hiyo sipokei panya kutoka kwa mtu yeyote isipokuwa aliyemnasa kwa mtego mbele ya macho yangu.

Nyumba inayofaa, kwa bundi ambaye hawezi tena kuachiwa, ni hii. Chumba kirefu cha mbao zilizosimama wima, zenye nafasi ndogo katikati, kwa sababu wavu wa kuku huchubua uso na kukata manyoya. Upande mmoja umefungwa kabisa kwa ajili ya giza, mwingine unapata upepo na mvua kidogo. Vitulio vya unene tofauti, vilivyozungushiwa kamba, la sivyo nyayo huota vidonda vinavyooza. Beseni la kuogea. Panya au vifaranga vya siku moja, wazima, kila jioni, hata siku ya Krismasi. Bundi mwingine wa aina yake karibu, ili amwone na kumsikia. Daktari wa ndege, si wa ng'ombe kama mimi. Na mtu ambaye atakuwa bado yupo na bado anataka baada ya miaka kumi na tano, maana bundi mweupe aliyetunzwa vyema huweza kuishi hivyo na zaidi.

Nyumba za namna hiyo Kenya nzima ni chache mno. Kuna vituo vya Kenya Bird of Prey Trust, Naivasha na Soysambu kule Elementaita, kazi iliyojengwa na watu kama Simon Thomsett na Shiv Kapila, ambao wameshughulika na ndege wawindaji kwa miaka mingi. Huko bundi asiyeweza kuachiwa huweza kupewa kazi: akiwa mzima na mwenye silika za ulezi, hulelea makinda yatima, na makinda hao hukua wakimtazama bundi badala ya mtu. Hiyo ndiyo dawa halisi ya tatizo langu lote. Lakini hufanya kazi kwa kinda aliyeletwa mapema. Aliyekwisha kuamini kwamba yeye ni mtu hawezi hata kuwa mlezi. Humwona bundi mwenzake kama mgeni wa kutisha. Na vituo haviwezi kumpokea kila ndege aliyelishwa maini Nyamira, Vihiga na Murang'a. Wakiniuliza kwenye simu, "Amekaa na watu muda gani?" najua kwamba jibu langu ndilo linaloamua.

Karatasi kwanza. Huwezi kumbeba tu. Lazima Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) wajue, lazima uwe na barua, kwa sababu bila barua mimi ni mtu aliyekamatwa na mnyamapori kwenye begi. Niliwahi kufika ofisi moja na bundi aliyevunjika bawa, nikaambiwa gari la kumbeba limetoka na mafuta, likaenda kwa ndovu. Sikatai, ndovu huua watu. Lakini bundi hangoji. Mfupa wa bawa huanza kuunga ndani ya siku chache, na ukiunga vibaya ndiyo basi.

Kisha barabara. Kutoka kwetu hadi Elementaita au Naivasha, kupitia Kericho na Nakuru, ni siku nzima ya matatu. Katoni lazima iwe na matundu lakini isionyeshe kitu. Makanga akiuliza, ni kuku. Safari moja bundi aliamua kufoka tukiwa katikati ya mashamba ya chai. Mama aliyekaa mbele yangu akageuka, akauliza hiyo ni kuku ya aina gani. Nikasema ya kigeni. Akainama akachungulia kwenye tundu na tundu likamchungulia. Gari lilisimama. Abiria walisali kwa sauti, dereva akanirudishia nauli yote, jambo ambalo hamtaliamini lakini ni kweli, na nikaachwa kando ya barabara kwenye manyunyu nikiwa na katoni na barua ya serikali ambayo hakuna aliyetaka kuisoma. Dereva wa lori la makaa ndiye aliyenichukua. Hakuuliza lolote.

Wapo wanaoniambia kwamba matatizo haya ni ya imani zetu, kwamba tungewapenda bundi yangekwisha. Yangepungua. Lakini Uingereza wanawapenda. Huko miaka ya 1980 watu binafsi waliwazalisha bundi weupe na kuwaachia kwa maelfu wakidhani wanasaidia. Wengi walikufa, na serikali ikaamua kwamba tangu 1993 huwezi kumwachia bundi mweupe aliyefugwa bila leseni. Kumfungulia mlango si kumpa nyumba, hata mahali ambapo hakuna anayemtupia jiwe. Kuachia kwa njia sahihi ni kazi ya majuma: sanduku juu, mahali anapoona mazingira kabla ya kutoka, chakula pale pale kila jioni hata baada ya kutoka, mpaka aache kurudi kwa sababu ameshiba kwa kuwinda mwenyewe. Na tena hiyo ni kwa yule anayewaogopa watu.

Kuhusu imani, nina tumaini kidogo, nalo linatoka Nyeri. Karibu na Mweiga, Paul Muriithi aliwashawishi wakulima wenzake wawaache bundi wakubwa wa aina ya Mackinder kwenye majabali yao, akawaleta watalii kuwaona, na bundi akaanza kuonekana kuwa na faida akiwa hai. Mtafiti Darcy Ogada aliwachunguza bundi hao kwenye mashamba ya maeneo hayo, pamoja na yale wakulima wanayoyaamini juu yao na dawa wanazonyunyizia mazao. Ninachoona mimi katika habari hiyo ni hiki: bundi wale ni wa porini. Wanakaa kwenye jabali lao, mtu anakaa kwake. Hakuna aliyewalisha. Jirani anaweza kumvumilia bundi aliye mbali kwenye mwamba. Anayemfuata chooni hawezi.

Kwa hiyo nawaambia watu mambo machache, na huyarudia dukani, kwenye mikutano ya chifu, na kwa mafundi wa mabati.

Ukimkuta kinda chini, mzima, mrudishe juu alikotoka. Mama yake hatamkataa kwa sababu umemgusa. Hayo ni maneno ya watu. Kama dari imeshabomolewa, pigilia sanduku la mbao lenye ukuta mfupi mbele, chini ya paa la jengo lililo jirani, uwaweke makinda ndani. Usiku watafoka, na wazazi watawafuata kwa sauti. Nimeona wazazi wakihamia jikoni mwa shule kwa njia hiyo, usiku ule ule.

Kama ameumia, katoni yenye matundu, giza, utulivu, na simu kwa KWS siku ile ile. Usimpe maziwa. Usimpe ugali. Usimtilie maji mdomoni, yanaingia mapafuni. Usimwonyeshe majirani. Na hasa usimpe jina, kwa sababu mtoto akishampa jina hatamtoa tena.

Na wewe mwalimu mkuu mwenye fedha za mabati, mtume mtu apande darini kabla ya mkandarasi. Kinda wa bundi mweupe anahitaji takriban miezi miwili tangu kuanguliwa hadi kuruka. Mmoja alinijibu kwamba mkandarasi hawezi kungoja ndege, na kwamba bodi itamcheka. Nikamwambia achague: angoje wiki sita, au anisaidie kutafuta nyumba ya miaka kumi na tano kwa makinda watano. Akanipa wiki nne. Wanne wakubwa waliruka wenyewe kabla fundi hajapanda. Yule mdogo tulimhamishia kwenye sanduku chini ya paa la stoo, na wazazi wakaendelea kumlisha kelele za nyundo zikiendelea ng'ambo ya uwanja. Kazi yote ilikuwa misumari, mbao za masanduku mawili ya sabuni, na ngazi ya kuazima.